Laini ya Ilagala

Jumatatu, 4 Machi 1974
Bado majina ya laini ninazounganisha hapa kwenye mitambo ya simu, posta ya Kigoma. Vijiji vinahamishwa, majina ya zamani yanabaki kwenye ubao wa simu, kila mtu anaita anavyojua. Bwana Mhando, mkuu wa kituo, anataka orodha mpya Alhamisi. Nimeamua: zote zinazopita Simbo ni SM, kisha namba. SM 1, zahanati ya Ilagala. SM 2, ofisi ya Simbo ya zamani, ambako watu wameshahama. Orodha inapendeza kuitazama.

Alhamisi, 7 Machi
Orodha imetoka. Mzee Amisi, fundi wa nguzo, akauliza, "Mwanangu, SM moja ni waya wa juu au wa chini pale nguzoni?" Nilikuwa na haraka. Nikamwambia asome orodha.

Ijumaa, 8 Machi
Mzee Amisi katumwa kukata SM 2. Tangu saa nne Ilagala haijibu. Nimeita, nimeita.

Jumamosi, 9 Machi
Alikata waya wa zahanati. Mimi nilihesabu nyaya kutoka chini. Mafundi huhesabu kutoka juu. Orodha haisemi lolote.
Jana muuguzi wa Ilagala alipiga simu kuomba gari, mama mjamzito anatokwa damu. Kimya. Wakampakia kwenye mtumbwi, ziwa limechafuka. Walifika Kigoma jioni. Mama yu hai. Mtoto hakupona.
Sijala.

Jumatatu, 11 Machi
Bwana Mhando anaandika barua ya kumfukuza Mzee Amisi. Mzee kaketi kwenye benchi, kofia magotini. Hakunitaja. Afadhali angenitaja.

Jumanne, 12 Machi
Niliingia kwa mkuu.
"Kosa ni langu. Aliniuliza, sikumjibu."
"Unajua utaondoka kwenye mitambo?"
"Najua."
Akaichana barua ya Mzee, akaanza yangu. Kesho naanza kaunta ya vifurushi. Kabla ya kukabidhi nimefuta SM zote. Kila laini sasa inaitwa kwa mahali simu inapolia: Ilagala Zahanati. Mzee Amisi amekwenda kuunga waya.

Alhamisi, 14 Machi
Hospitali. Yule mama wa Ilagala anaitwa Bibiana. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aligeukia ukuta. Kisha akasema mgongo unamuuma, nimkalishe.
Nikamkalisha. Nikakaa naye hadi saa ya wageni ilipokwisha.