Mume Wangu Amekatazwa Kusimama

Ijumaa, 11 Januari 2019

Daktari amesema mshono umefunga vizuri. Moyo unadunda sawasawa. Nimeshusha pumzi kwa kelele hadi nesi akageuka kunitazama. Miezi miwili sasa nalala jicho moja wazi, nasikiliza kifua cha mtu mzima utadhani kichanga!

Lakini makatazo hayo! Asipande ngazi nyingi. Asipige kelele. Asinyanyue kitu kizito. Asisimame zaidi ya dakika kumi. Mume wangu, Achuthan, akauliza, je, kuongoza filamu ruhusa? Ruhusa, daktari akasema, mradi akae kwenye kiti. Nikacheka peke yangu. Maskini daktari, hajawahi kumwona huyu bwana kazini.

Mume wangu haongozi kwa mdomo. Anaigiza. Kila nafasi, kuanzia bibi harusi hadi mbuzi, anaicheza yeye kwanza, kisha mwigizaji anaiga. Kwenye filamu zetu za Kimalayalam, lugha ya kwetu kusini, ilikuwa tabia tu. Alipoitwa Mumbai mwaka 1991 ikawa ndiyo lugha yake, maana Kihindi alichokwenda nacho kilikuwa "njoo", "kula" na "twende"! Mastaa wakubwa na walinzi wao, na yeye na msuli wake mweupe kiunoni anawaonyesha jinsi mwanamume aliyeachwa anavyofunga mlango. Filamu nne zikavuma nchi nzima. Zitazame leo: mashujaa wote wa Mumbai wanatembea kama mjomba wake Sankunni, aliyekuwa na goti bovu.

Tatu za mwisho zikaanguka, puu. Akarudi nyumbani Thrissur na sanduku moja na kifua kinachobana. Novemba wakampasua. Basi, yuko hai, amemaliza uji wote leo na achari ameiba. Nimejifanya sijaona.

Jumapili, 20 Januari

Koya amekuja kutoka Kozhikode na boksi la halua ambayo mgonjwa haruhusiwi kula. Ndiye prodyuza wa filamu mpya. Anasema amesoma hadithi ya Mzee, amelia kama mtoto.

Hadithi yenyewe Achuthan aliiandika wodini, nyuma ya karatasi za vipimo. Mpiga ngoma wa hekalu anapasuliwa moyo, mkewe anasubiri nje. Mimi nimekataa kuisoma. Nilikuwepo, wa nini kuhadithiwa?

Koya ana sharti. Amelizungusha weee, chai ikapoa, mwisho akalitema. Mzee apewe siku saba za kazi. Akiweza kuongoza akiwa kitini, vema. Akishindwa, Reji anashika filamu. Reji ni msaidizi wa Achuthan kwa miaka kumi na mitano sasa, mtu mwema, hata kikombe alishindwa kukishika aliposikia hivyo.

"Jina lako litabaki juu kabisa, Mzee," akasema Koya.

"Hata duka lililofungwa lina jina juu ya mlango," Achuthan akamjibu. Kisha akasaini.

Mimi ningependa ashindwe. Haya, nimeandika! Reji ahangaike na jua, mzee wangu ale uji wake kivulini, nami nilale macho yote mawili. Lakini wakati wa kusaini alikuwa anatabasamu peke yake, midomo inacheza. Nikajitia nina kazi jikoni.

Jumatatu, 4 Februari

Ottapalam, siku ya kwanza ya kupiga filamu. Nazi ya baraka imepasuliwa mbele ya kamera, ikagawanyika katikati sawasawa, watu wakapiga makofi. Nimepewa kiti kando ya chake na mfuko wa dawa mapajani. Reji ameninong'oneza: "Dada Thankam, akiinuka tu, polisi ni wewe."

Achuthan akaanza kuongoza kwa mdomo. Aibu niliyoiona mimi!

Sulekha ndiye anacheza mke wa mpiga ngoma. Achuthan ndiye aliyemwingiza kwenye filamu, akiwa binti wa miaka kumi na tisa. Leo ana hamsini na anaogopwa na kila mtu isipokuwa Achuthan. Akamwambia: ingia kama... unajua... kama mtu ambaye... yaani.

"Kama mtu ambaye nini, Mzee?"

Achuthan akanyanyuka nusu. Nikakohoa. Akakaa, mikono inaogelea hewani. Kutwa nzima tumepiga vipande vitatu. Zamani alikuwa anapiga ishirini kabla ya chai ya jioni.

Jumanne, 5 Februari

Vipande viwili tu. Hajala. Koya amepiga simu mara nne — kwa Reji, si kwake.

Alhamisi, 7 Februari

Makubwa! Leo nimeigiza.

Ilikuwa ile sehemu mke anarudi kutoka sokoni, anakuta ngoma haipo ukutani. Sulekha ameingia mara sita, mara sita si hivyo. Ghafla Achuthan akanigeukia: "Thankam, hebu inuka. Kashike kikapu. Ingia."

Mbele ya watu sitini! Nikamwuliza kama kichwa nacho walikipasua. Akasema ingia, mwanamke, jua linaondoka.

Sasa, nyumbani nimeyazoea haya. Miaka arobaini naleta chai naambiwa, toka uingie tena, hukuingia kwa huzuni. Nilikuwa natoka, naingia, namtukana moyoni. Nikafikiri ni wazimu wake tu. Kumbe nilikuwa shuleni! Akasema mguu wa kushoto umechoka, nikauchosha. Akasema usitazame ukuta, ukuta ukutazame wewe. Kwa mtu mwingine hayo ni maneno ya homa, mimi nikaelewa. Nikaweka kikapu chini bila kukiangalia, tungule zikabingirika.

"Hapo! Sulekha, umeona?"

"Nimeona, Mzee," akasema Sulekha. "Nimeona kwamba miaka yote hii umeoa mwigizaji halafu unatulipa sisi."

Watu wakavunjika mbavu. Vipande kumi na moja! Nimekasirika na nimefurahi, vyote viwili, na mgongo unaniuma.

Jumamosi, 9 Februari

Kumi na vinne! Presha ya Achuthan nzuri. Amelala mchana fofofo, mdomo wazi. Mpaka sasa nimekuwa polisi, kuhani wa hekalu, na mlevi. Mlevi nimemweza kuliko wote. Dada zangu wakisikia nitahama mji.

Mpiga kamera ananiita Mwalimu. Reji anatembea anapiga mluzi, mtu aliyeponea chupuchupu kumnyang'anya mzee wake kazi. Na mimi sitaki tena ashindwe. Nalo niliandike.

Jumatatu, 11 Februari

Siku mbaya.

Shule ya zamani wamepaka rangi ya kijani, imekuwa korido ya hospitali. Benchi moja la mbao. Mlango. Mke anasubiri, mume yuko ndani kifua wazi. Nilipoona ule mlango, nikasogeza kiti changu nyuma kidogo.

Sulekha akalia. Akalia vizuri sana, hata mafundi wa taa wakafuta pua. Koya, aliyekuja kutazama, akapiga makofi. Achuthan akasema hapana. Tena. Hapana. Mara saba.

"Uongo," akasema. "Nautazama, nauona uongo."

"Basi kweli ni ipi, Mzee?" Sulekha akamwuliza, wanja umefika kidevuni.

Hajui. Angejuaje? Alikuwa upande wa pili wa mlango, amelazwa usingizi wa dawa. Akageuka polepole akanitazama. Nami nikainamia mfuko wa dawa, nikatafuta kidonge ambacho si saa yake.

Koya akatangaza, wala hakupunguza sauti: siku saba za kazi zimetimia leo. Kesho hadi mchana. Kipande hiki kisipopatikana, Reji, ni wewe.

Ndani ya gari Achuthan aliniuliza. "Siku ile ulikaaje, Thankam?"

Nikamwambia nilikaa kama watu wanavyokaa.

"Uliomba?"

Niliomba, nikasema. Ndivyo nilivyowaambia dada zangu, majirani, na mama yake: saa sita nzima, jina la Krishna mdomoni. Wananisifu mpaka leo. Akatikisa kichwa, akatazama nje, hakuuliza tena. Bora angeuliza tena.

Jumanne, 12 Februari

Naandika nikiwa nimekaa kwenye lile benchi. Wanahamisha taa. Naandika juu ya goti, sijui nitasoma nini baadaye.

Asubuhi Sulekha alijaribu mara mbili. Bila machozi, kisha na machozi kidogo. Hapana, hapana. Koya anatazama saa. Nilingoja Achuthan anigeukie. Nilikuwa nimejiandaa kukataa, maneno ninayo. Hakugeuka! Akatoa begani taulo lake, lile asiloliacha kazini, akalikunja, akasema: "Reji, haya. Njoo ukae."

Reji akabaki amesimama, anaangalia viatu vyake.

Hapo nikainuka. Hakuna aliyeniita. Nikaenda kwa wapishi wetu nikasema nipeni ndizi za kukaanga, zile za kuchovya kwenye unga. Tatu, kwenye karatasi. Wakadhani njaa!

"Dada, chakula si karibu?" Koya akauliza.

Nikamkata jicho, nikaenda kukaa kwenye benchi. Nikatazama mlango. Nikala.

Ya kwanza niliila haraka, kama mwizi. Ndivyo ilivyokuwa siku ile hospitalini. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake, na kantini ilikuwa chini tu ya ngazi, na ile harufu, jamani. Ya pili nikaila polepole. Nesi akapita — leo hakukuwa na nesi, lakini mimi nilimwona — nikaficha karatasi chini ya paja. Ya tatu nikaila kwa sababu ilikuwa tamu. Hakuna sababu nyingine. Ilikuwa tamu! Mume wangu amefunguliwa kifua hatua kumi kutoka pale, na mimi nalamba vidole. Sikuomba. Hata jina moja la Mungu sikulitaja. Niliogopa kiasi kwamba kichwani hamkuwa na mtu, palikuwa na mdomo tu unatafuna. Nikafuta mafuta kwenye pindo la sari. Karatasi nikaikunja ndogo, ndogo zaidi, sikujua niitupe wapi, nikaitia ndani ya blauzi.

Nilipomaliza, kila mtu alikuwa ameacha kazi yake. Watu sitini! Koya amefunika mdomo kwa mkono. Sulekha alikuwa ameketi sakafuni ananitazama kwa chini. Akainuka, akasema taratibu: "Nileteeni ndizi."

Kisha Achuthan akatoka kwenye kiti chake. Nikahesabu hatua, tisa, anaruhusiwa. Akaja kukaa hapa kando yangu.

"Ngapi?"

"Tatu."

"Tatu!"

"Nilikuwa na njaa."

"Mimi kifua wazi. Wewe ndizi tatu."

"Nilikuwa na njaa, Achuthan!"

Kwa jina! Mbele za watu! Miaka arobaini nimemwita "sikiliza" na "baba wa watoto", na leo limenitoka kama chafya.

Sasa amejifunika uso kwa taulo. Mabega yanamtikisika. Analia au anacheka, sijui, na daktari hakusema lolote kuhusu hili. Mkono wangu wa kushoto ameukamata, wenye mafuta, hauachii.

Reji ameita mara tatu: taa tayari, Mzee. Sulekha amesimama mbele yetu na sahani yake, anasubiri benchi. Koya hatazami tena saa. Na mimi najisikia mwepesi, jamani, mwepesi hadi naogopa. Wote wananitazama mimi, eti niseme "haya, tuanze".

Sisemi. Wangoje kidogo.