Waya Chini ya Zulia

Mama Kirimi,

Usiwashe hita ya sebuleni hata ukisikia baridi. Nimezima stima ya upande huo, fundi anakuja saa nane. Simu yako umeisahau hapa tena. Mama yako amelala chumbani kwetu. Mimi nakimbilia basi.

Lakini keti kwanza, maana leo mimi ndiye bingwa. Kile kidude cha kunusa hitilafu za stima nilichochomeka ukutani, kile unachokiita "mganga wa Baba Kirimi", kimefanya kazi! Ulipotoka tu kumpeleka Kirimi shule, simu yangu ikalia: kuna waya inatoa cheche sebuleni. Mama alikuwa kwa sofa, hita miguuni, anasali. Nikamwambia, "Mama, toka hapo!" Akanijibu, "Ngoja nifike Amina."

Nikambeba na blanketi lake.

Kurudi nikainua zulia. Ile waya ya extension tuliyoficha pale ili wageni wa fellowship, wale wa maombi, wasiione imeyeyuka, na zulia lina tundu jeusi. ~~Si nilikuambia?~~ Haya, mimi ndiye nilisema sebule imependeza. Hiyo extension usiitupe, fundi aione.

Najua, kwetu Meru mtu habebi mama mkwe, hata awe anaungua. Bora usikie kwangu kabla fellowship haijasikia. Tulipofika jikoni nikaomba msamaha, nikataka kumshusha haraka. Akaning'ang'ania shingo: "Usiniweke chini bado. Sakafu ya hii Kanada ni baridi."

Baba Kirimi