Breki Inayogonga Mguu

Jumatano, 7 Mei 2025

Nimechoka. Mgongo umekataa kunyooka tangu saa tano.

Kaja Mzee Azzan, yule muuza vitambaa wa Kariakoo. Jana kwenye mvua, pale bondeni Jangwani, bodaboda kamkatia mbele. Mzee kakanyaga breki kwa nguvu, pedali ikaanza kumgonga mguu — trrrrr! — na mlio wa kusaga huko chini. Alimkwepa salama. Lakini anasema breki zimekufa.

Nikamweleza: mzee, hiyo ni ABS, ndiyo iliyokuokoa. Kila tairi lina sensa inayosoma mzunguko wake. Ukikanyaga sana kwenye maji, tairi linagoma kuzunguka huku gari bado linakwenda. Linateleza tu, usukani hausikii tena. Kompyuta ikiona tairi linataka kugoma inalegeza breki kidogo, inabana, inalegeza, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo ule mtetemo mguuni. Ndiyo maana gari lilikubali kukata kona.

Wapi! Mimi mwanamke nimfundishe breki? Anaendesha tangu miaka ya sabini, breki inayogonga mguu ni mbovu, nitoe hicho kidudu. Bosi wangu Abdulrazak kanikonyeza: mteja akisema toa, toa.

Nikachomoa fyuzi. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Na taa nayo mzee haitaki. Basi nikaunga waya wake na wa taa ya oili, ziwake pamoja na kuzima pamoja. Gereji zote za mtaa wetu hapa Ilala tunafanya hivyo. Kazi safi, huwezi kujua. Mzee kanisifu, na sifa zenyewe zimenikera.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Mzee Azzan katuma halua. Anasema sasa breki ni breki. Nimekula yote. Usingizi.

Jumamosi, 10 Mei

Leo afadhali. Msichana mmoja, Shaima, kaja na gari la kaka yake kubadilisha balbu ya nyuma. Leseni ana wiki tatu. Anauliza: eti kwenye maji unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia, kama baba yake anavyosema? Nikamwambia hayo ni ya magari ya zamani. Haya ya sasa, mguu mpaka mwisho, usiachie hata ikitetemeka, geuza usukani unakotaka kwenda. Tukajaribu kwenye tope nyuma ya gereji. Pedali ilipomtetemekea akapiga kelele, kisha akacheka mpaka machozi. Na mimi! Wiki nzima sijacheka. Sikuuliza ni binti wa nani.

Jumatatu, 12 Mei

Mzee Azzan kapita kwa miguu. Nikamwamkia, nikauliza gari liko wapi. Kampa binti yake wa mwisho, awe anampeleka mama yake kliniki.

"Si yule uliyemfundisha breki? Shaima. Anakusifia huyo!"

Nilikaa juu ya ndoo.

Gari lisilo na ABS, mguu mpaka mwisho, kwenye maji: tairi zinagoma, unageuza usukani, gari linakwenda moja kwa moja. Na ndicho nilichomfundisha! Mimi, kwa mdomo wangu.

Nikamweleza mzee polepole. Alete gari, nirudishe fyuzi, dakika tano tu. Kanuna. "Kwa hiyo, binti, uliniharibia gari?" Sikumjibu kwamba yeye ndiye aliyetaka. Nilitakiwa kukataa siku ile. Akasema ataleta Ijumaa, nisimtie mtoto wake woga. Baadaye Abdulrazak kanivuta pembeni: nisitangaze, tutaonekana gereji ya wahuni. Miaka arobaini na mbili ninayo, bado nanyamazishwa.

Jumanne, 13 Mei

Mvua tangu alfajiri. Ijumaa ni mbali. Saa sita nimebeba mkoba wa zana mpaka dukani kwa mzee. Hayupo, kaenda msikitini. Zulekha, anayeuza pale, kasema Shaima na mama yake wametoka sasa hivi, wanaenda kliniki, njia ya Jangwani. Kanipa namba.

Nimepiga. Kimya. Nimepiga tena, kapokea mama, Bi Amira. Nimeweka spika. Naandika hapa hapa kaunta, nisipoteze hata neno.

Shikamoo mama — ilinitoka tu, ndivyo tulivyolelewa!

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Na mvua hii, kazi mnafanyaje?"

Hawajambo, hawajambo! Mama, mwambie Shaima asimame. Breki za hilo gari —

"Tusimame kwenye maji haya? Tumeshaanza kuteremka, mwanangu. Nyuma yetu kuna foleni."

Basi aende polepole. Akanyage kidogo, aachie, akanyage kidogo, asije —

"Subiri nimwambie."

Wanaongea wawili, sisikii vizuri. Mama karudi, anacheka.

"Anakusalimia sana. Anasema fundi asiwe na wasiwasi, hayo ya kuachia ni mambo ya kizee ya baba yake. Yeye anafuata uliyomfundisha wewe."

Nimepiga kelele: hapana! Zulekha kaacha mkasi katikati ya kitambaa. Simu bado iko wazi. Nasikia mvua. Nasikia Bi Amira, hacheki tena. "Shaima, angalia mbele —"