Reli Iliishia Wapi

Jumatatu, 4 Agosti
Arua. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, kama kila siku ya kazi. Mafua hayajaisha. Mwaka wa sita sasa natangaza kipindi cha asubuhi cha Kiswahili. Wiki hii bosi anataka dakika tano za mambo ya ajabu kuhusu reli. Kwa wasikilizaji ambao wengi hawajaona treni. Nikawaambia kwamba Reli ya Uganda, kwa jina hilo hilo, mwanzoni iliishia Kisumu, Kenya ya leo. Kutoka hapo, meli. Watu walipiga simu, wakacheka. Sawa. Nimechoka.

Jumanne, 5 Agosti
Ya leo: zamani Uingereza kila mji ulikuwa na saa yake, kwa kufuata jua. Treni ndizo zilizowalazimisha wote kufuata saa moja. Zikabaki dakika mbili. Nikazijaza bila kusoma popote. Nikasema treni ya kaskazini iliishia Gulu, huku kwetu West Nile haikukanyaga. Nikaweka muziki. Nikarudi nyumbani kulala.

Jumatano, 6 Agosti
Kipindi kimeisha, simu ikaja kutoka Koboko. Mwanamke mzee. Hakusalimu.
"Wewe mama ya redio. Mimi nilishuka Pakwach na miguu yangu. Treni ilikuwa inafika. Kwa nini unasema hapana?"
Nikasema nitaangalia. Akasema niangalie haraka, kesi iko Jumamosi. Akakata.
Afeku, fundi wetu wa mitambo, alinicheka. Shangazi yake anakaa Pakwach, mbele ya Gulu, huku huku West Nile. Reli ipo mpaka leo, watu wanaanika samaki kando yake. Nani aliniambia Gulu? Hakuna. Nilibuni tu. Aibu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekwenda Koboko. Mvua njia nzima. Yule mzee anaitwa Mama Zaitun, mjane wa askari, anakaa nyuma ya soko. Alinipa chai kabla ya kunigombeza.
Mumewe alikuwa kambini Jinja. Akampandisha treni arudi kwao Koboko, ana mimba ya miezi minane. Uchungu ukamshika njiani. Akamzaa Juma ndani ya behewa, akashuka Pakwach na mtoto kifuani, akapanda lori. Mume hakufika tena nyumbani. Alikufa huko huko kambini.
Juma sasa ana mvi. Analima mihogo kwenye shamba la baba yake. Ndugu zake, watoto wa mke mwenza wa mama yake, wanalitaka. Wanasema si damu yao. Hadithi ya treni wameibishia miaka yote, ila hawakuwa na la kushika. Sasa wanalo: redio imesema reli iliishia Gulu. Basi mama yake alishuka Gulu, akakaa kwa mwanamume gani hata akaja na mtoto? Wazee wa ukoo wanakaa Jumamosi.
Nikaomba msamaha. "Samahani yako nitapeleka wapi?" akasema. "Sema kwa redio, vile ulisema."
Juma alinisindikiza hadi barabarani, akanishikia mwavuli. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Agosti
Jana jioni nilimwomba bosi ruhusa kwa simu. Akakataa. Redio ikijisahihisha leo, kesho nani ataiamini? Watu watasahau, alisema. Watu gani?
Asubuhi nilifungua maikrofoni. Nikasema: Jumanne nilidanganya. Sikusoma, nilibuni. Treni ilifika Pakwach, abiria walishuka pale, na aliyesema alishuka pale asiitwe mwongo kwa ajili yangu. Nikarudia mara mbili, polepole. Afeku aliniangalia kupitia kioo, hakuzima.
Bosi alinisubiri mlangoni. Kipindi cha asubuhi si changu tena.
Nimelia kidogo. Kisha nimefua nguo.

Jumamosi, 9 Agosti
Sikufanya lolote. Saa kumi jioni Juma akapiga. Wazee walikuwa wamesikia. Mmoja wao alisimama, akasema ujanani alipakua mizigo pale pale kituoni Pakwach, alikuwa akingoja tu mtu amuulize. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza. Shamba limebaki kwa Juma. Ndugu zake wameondoka bila kuaga.
Akasema asante, dada.

Jumatatu, 11 Agosti
Wamenipa matangazo ya vifo, saa nane mchana. Leo walikuwa wanne: mmoja wa Adumi, mmoja wa Kuluva, wawili wa hapa mjini. Kila jina nililithibitisha kwa simu kabla ya kusoma.
Jioni nikampigia Mama Zaitun. Nilitaka kujua treni ilikuwaje. Akasema hakuona kitu, maumivu tu. Anachokumbuka ni mwanamke mmoja Mwacholi, abiria tu, aliyemshika mgongo, akamkata mtoto kitovu, akavua kitenge chake mwenyewe kumfungia. Walifika, watu wakasukumana kushuka, wakapoteana.
"Jina yake sikuuliza," akasema.
Nikamuuliza kitenge kilikuwa cha rangi gani, salio langu likaisha.