Jina Chini ya Karatasi

Jumatano, 1 Juni 2011

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mungu nimemzungukazunguka tu: nimempenda mwanamke ambaye sijui kama yuko hai. Anaitwa Delphine Marlowe. Sura yake sijaiona. Ninayo sauti tu – wimbo mmoja mfupi, uliorekodiwa hapa hapa Detroit kabla hata mama yangu hajazaliwa. Anamfukuza mwanamume. Anamfukuza vizuri mpaka natamani kufukuzwa!

Haya, nimeandika. Mbingu hazijaanguka.

Nausikiliza kwa spika za masikioni, maana nyumba hii ni ya Bibi, na Bibi, Mama Pettway kwa wengine, ni Mama wa Kanisa pale kanisani Mlima Hermoni. Kwake yeye, wimbo usiomtaja Yesu kufikia mstari wa pili ni wa shetani.

Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kihispania. Nanyamaza kwa zote mbili. Lakini kwenye jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa santuri adimu za muziki wa soul – huko mimi ni mtu! Wanaume wazima wa Uingereza, wenye vipara na wajukuu, wananiita Profesa wa Detroit. Hawajui kwamba profesa ana miaka kumi na tano na bado anakumbushwa kuoga.

Alhamisi, 2 Juni

Wameniomba niwaandikie maneno yote ya wimbo wa Delphine, eti kwa kuwa mimi ni mwenyeji. Nimeandika. Umebaki mstari mmoja, ubeti wa pili. Anasema: *Chukua kofia yako, chukua koti lako* – halafu mpiga tarumbeta anavamia kama polisi – halafu mlango unafungwa. Hapo katikati anasema nini?

Jukwaani wanagombana mwaka wa tatu sasa. Mmoja wa Leeds anashikilia kwamba ni ujumbe wa siri wa kudai haki. Mwingine anasema ni sala. Wa tatu alipima mawimbi ya sauti kwa kompyuta ya ofisini kwake, akagundua kwamba mpiga ngoma alikuwa na mafua.

Mimi nimependekeza *na moyo wangu uniachie*, nikaweka alama ya kuuliza. Wamesema ni kazi ya kisomi. Nimefurahi mpaka aibu.

Jumamosi, 4 Juni

Balaa! Bwana Keith Ollerenshaw anakuja Detroit. Huyu ndiye mwenye santuri yenyewe, nakala pekee inayojulikana, na ndiye aliyetuwekea wimbo mtandaoni. Anakuja kumtafuta Delphine.

Ngoja nieleze vizuri, nisije nikakua nikasahau jinsi watu wazima wanavyofikiri. Zamani ma-DJ wa kwao Uingereza wakipata santuri kali walibandika karatasi nyeupe juu ya lebo, wakabuni jina la mwimbaji, ili wenzao wasiijue wakaitafuta. Hii nayo ilibandikwa. DJ aliyeibandika ameshakufa. Karatasi haijatoka. Kwa hiyo "Delphine Marlowe" ni jina lililotungwa na mtu wa Bolton ambaye hajawahi kukanyaga mtaa wetu, na jina la kweli liko chini ya karatasi.

Nikauliza jukwaani, kwa adabu zote: kwa nini msiitoe?

Yakaja matusi ya kistaarabu. Kuitoa karatasi ya mwaka sabini na nne! Karatasi ile ni historia! Bwana Keith akaandika kwamba afadhali akatwe kidole.

Basi anavuka bahari kutafuta jina ambalo liko chini ya kidole hicho hicho.

Jumanne, 7 Juni

Naandika chooni.

Bibi alikuwa jikoni anakaanga kambare. Mimi mezani, najifanya nafanya hesabu, Delphine masikioni. Nikajinyoosha, waya ukachomoka. Sauti ikajaa jikoni! Nikaganda. Nilijua leo nitaombewa mpaka nilegee.

Bibi hakugeuka. Anageuza samaki tu. Ubeti wa pili ukafika – kofia, koti – tarumbeta ikavamia. Na Bibi, mgongo kwangu, akaimba juu ya tarumbeta:

*Na kikaango changu ukirudishe.*

Sauti ile ile! Imezeeka, ina mchanga kidogo, lakini ni ile ile. Mlango ukafungwa kwenye santuri. Bibi akagonga uma ukingoni mwa sufuria.

"Nilimwambia yule wa tarumbeta apunguze," akasema. "Mkaidi kama punda." Kisha akageuka. "We Lem! Zima huo ushetani, uweke sahani."

Jumatano, 8 Juni

Nimempenda bibi yangu.

Sina la kuongeza.

Alhamisi, 9 Juni

Ninalo. Delphine amepatikana! Ni Dada Earlene Gaddis, wa kanisani kwetu, yule anayevaa manyoya hata kwenye joto la Juni. Bwana Keith ameshafika; alibandika tangazo saluni, pamoja na maneno ya wimbo niliyoyaandika, Dada Earlene akaliona akiwa chini ya mashine ya kukausha nywele, akapiga simu kabla nywele hazijakauka. Anasema Delphine lilikuwa jina lake la usanii. Jina lililotungwa Bolton!

Bwana Keith ameandika kwa wote akilia kwa furaha. Dada Earlene alimwimbia wimbo mzima kwenye simu, hata ule mstari uliofichika: *na moyo wangu uniachie*. Mstari wangu! Na alama yangu ya kuuliza ameimeza. Jukwaani wananipongeza mimi: Profesa alikuwa sahihi.

Watampeleka Uingereza Septemba akaimbe. Jumapili kutakuwa na chakula kanisani kumpongeza. Mchungaji, ambaye miaka yote amehubiri kwamba muziki wa dunia ni tiketi ya motoni, amegundua kwamba tiketi ya Uingereza ni suala jingine.

Nikamwambia Bibi. "Bibi, si ni wewe?"

Alikuwa anakata kabichi. Akaendelea kukata. Kabichi iliisha, yeye bado anakata ubao.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja," akasema mwishowe. "Kwa Hosea Crenshaw, nyuma ya duka lake la mazulia. Jioni moja tu. Akaniahidi santuri mkononi mwangu. Baba akasikia, akanirudisha kwenye kwaya nikiwa nimeshikwa sikio. Santuri yenyewe sikuiona. Mpaka leo."

"Basi sema! Mwambie Mwingereza."

"Niseme nini, baba? Kwamba Mama wa Kanisa alikuwa anafukuza wanaume kwa tarumbeta?" Akafuta kisu. "Na huyo Crenshaw wakati huo alikuwa anazunguka na Earlene. Sijui hata aliandika nini kwenye lebo. Nataka kujua hilo tu. Waliandika nani."

Nimemwona Bibi akizika ndugu zake wawili. Hajawahi kuwa na uso ule.

Jumapili, 12 Juni

Haraka haraka. Mlango wangu hauna ufunguo.

Chakula kilikuwa ukumbi wa chini wa kanisa. Kuku, makaroni ya jibini, pai ya pichi. Bwana Keith ni mrefu, mwekundu, mpole, amevaa suruali pana kama mapazia. Santuri ameibeba ndani ya sanduku la chuma. Akalifungua mezani, watu wakasogea kama ni mtoto mchanga. Na kweli – ile karatasi nyeupe, imekuwa ya njano, pembeni ina doa la chai. Hata hilo doa, akatuambia, lina historia.

Nilipotambulishwa kwamba mimi ndiye Profesa, alinitazama, akatazama nyuma yangu kumtafuta baba yangu.

Dada Earlene akaimba. Mungu anisamehe. Mbwa wa jirani angeimba na angejua kuomba radhi. Bwana Keith alilia. Akasema sauti hubadilika na miaka.

Hapo Bibi akasimama. Kofia ya zambarau, glavu nyeupe.

"Mwanangu," akamwambia, "toa hiyo karatasi tusome."

Bwana Keith akaifunika kwa mikono yote miwili. "Mama, haiwezekani. Hii ni ya sabini na nne."

"Na mimi ni wa arobaini na sita. Toa."

"Mama, ukitoa karatasi, inabaki santuri tu!"

"Mtoeni wasiwasi Mama Pettway," Dada Earlene akadakia, anatabasamu na mguu wa kuku mkononi. "Itoeni! Mimi sina cha kuficha."

Nikashangaa. Mwongo gani huyu asiye na woga?

Bwana Keith akakataa katakata. Akafunga sanduku. Lakini hakulitia kufuli, kwa sababu Dada mmoja alimpitishia pai chini ya pua, na Waingereza nao wana tumbo. Alipoondoka kufuata maziwa ya kumwagia juu, nilimwona Bibi akisogea mezani kukusanya sahani. Bibi hajawahi kukusanya sahani tangu awe Mama wa Kanisa! Mkoba wake, ule unaoweza kumeza bata mzima, ulikuwa wazi.

"Lem," akanishika kiwiko, "twende nyumbani. Miguu inaniuma."

Alitembea kama askari.

Nyumbani akapanda na birika la maji ya moto mpaka chumbani kwangu, akatandaza taulo, akaiweka santuri juu yake. Glavu hajavua.

"Wewe una mikono myepesi. Mimi sitaweza kutazama. Utaniita."

Akashuka.

Nimeishikilia kwenye mvuke, mbali, isipinde. Gundi ya zamani inanuka samaki. Karatasi imeachia upande mmoja, polepole, kama utando wa maziwa. Lebo ni ya kijani. Jina la wimbo, sawa. Chini yake Hosea Crenshaw, ametunga, amesimamia, amefanya kila kitu. Na katikati, herufi za fedha, safi kabisa, kama zimechapwa leo asubuhi:

EARLENE GADDIS.

Nimesoma mara nyingi. Haibadiliki.

Ndiyo maana hakuogopa! Amejua miaka yote. Huenda alipewa hata santuri mkononi.

Karatasi haijachanika. Ninayo gundi kwenye droo. Naweza kuirudisha ilivyokuwa, na doa la chai mahali pake, niseme imegoma kutoka. Au niseme, Bibi, ni wewe, waliandika vizuri, na nikubali chochote kitakachofuata. Au niseme kweli.

Mlango wa chini umegongwa. Bwana Keith, anahema. Namsikia Bibi: "Santuri? Santuri gani tena, mwanangu? Ingia, kaa, kuna chai." Na sasa Bibi yuko kwenye ngazi. Hajawahi kupanda upesi hivi, na magoti yale. Sijamwita. Amechoka kusubiri kuitwa.

Gundi iko wapi – hapana – kwanza daftari chini ya godoro, halafu uso wangu, huu sijui niufiche