Homa Inayobadili Koti

Dada yangu Paskalina,

Siwezi kutulia. Nimekaa nje ya nyumba yetu hapa Gehandu, kila mara nainuka kwenda kumgusa Marselina wako paji la uso. Ndiyo, kabinti kako sasa kana mimba kubwa, kamekuja kujifungulia kwa bibi yake, mama yetu.

Juzi aliwaka homa. Nikachukua damu yake hadi maabara ninakofanya kazi, Dongobesh, nikawaona wadudu wa homa ya papasi wakijinyonganyonga. Nimerudi na majibu leo, nakuta homa imekata, zahanati wamempima tena: damu safi. Mama anaimba!

Nawe ulipoa hivihivi, ukiwa na mimba yako ya pili. Ukadai ugali na mlenda, ukanicheka: "Futa machozi, wewe, mimi si wa kufa na homa." Mama akakurudisha chumba cha ndani, karibu na ndama, maana kwetu mgonjwa hupewa penye joto. Kumbe papasi, wale kupe wanaouma usiku, walikuwa wamejaa kwenye nyufa za sakafu hiyohiyo ya udongo. Homa ikarudi, ikakuchukua wewe na mtoto tumboni. Bado inaniuma, dada.

Chuoni ndipo nilipoelewa. Mwili humtambua yule mdudu kwa koti lake la protini, ukamuua. Lakini ndani yake ana akiba ya jeni za makoti mengine, zimekaa kimya, kama robota la mitumba ambalo halijafunguliwa. Wakizaliana, mmoja wao hunakili jeni moja ya akiba na kuiweka mahali panaposomwa, akatoka na koti jipya. Mwili haumjui. Wachache hao hawaonekani hata kwa darubini, nao huongezeka hadi homa irudi. Mjanja kweli, jamani!

Nimemwambia mama tumpeleke Marselina hospitali leo, dawa atapewa huku akiangaliwa. Mama amewaka kwa hasira.

"Damu ni safi! Unamtabiria mwenzako msiba?"

"Nakuheshimu, mama, lakini mdudu bado yumo."

Ndipo mama akaniuliza, taratibu, "Na Paskalina? Siku ile alipokula ugali, alikuwa na mdudu huyo?"

"Alikuwa naye, mama."

Ameketi chini, kanga mdomoni. Nimetoka nje kukuandikia kwa sababu sikuweza kumtazama.

Sasa hivi namsikia: "Marselina, vaa viatu."

Pumzika, dada. Ngoja nikamshike mwanao mkono.

Mdogo wako