Cheti Nilichokiacha Samuye

Ndola, 9 Februari 2025

Mwanangu Mektilda,

Leo natimiza miaka arobaini na minne tangu nitoke Samuye. Pokea salamu zangu, na umfikishie mama yako Suzana. Afya yangu si mbaya kwa mtu wa miaka sitini na sita. Masikio tu ndiyo yamekataa simu kabisa, kwa hiyo tuendelee na karatasi.

Umeniomba maneno ya kuongeza kwenye wasifu wa marehemu baba yako, utakaosomwa Agosti mtakapobariki kaburi. Jeshi litaandika madaraja aliyojenga, na waandike. Mimi naandika haya. Akiwa na miaka tisa alikata miti mitatu akavusha ng'ombe wa baba yetu korongoni, kisha akakataa kuwavusha mbuzi mpaka akague kama miti imepinda. Kila likizo alikuja nyumbani na futi ya chuma mfukoni, akawapima ninyi watoto kutoka goti hadi sakafuni, ndipo akaranda mbao za dawati la kila mmoja. Vipimo vyenu aliniandikia. Mama yako alipolazwa kwa uzazi wa mwisho, alishinda wodini siku sita akimfulia, na wanawake wakamtania: "Afande, kumbe jeshini mnafundishwa na kufua nepi?" Akawajibu, "Hiyo ndiyo kozi iliyonishinda, narudia mwaka."

Yaandike hivyo hivyo.

Baba mkubwa,
Wilbard


Ushirombo, 16 Machi 2025

Baba mkubwa Wilbard,

Shikamoo. Sisi tu wazima, ila mahindi yamedumaa kwa jua. Natumaini kifua hakikusumbui.

Maneno yako nimeyaingiza yote. Mwisho wake nimeandika mwenyewe: kwamba Kapteni mstaafu Agapiti Bujiku aliitwa kule Mwakitolyo duara, yaani shimo la wachimbaji, lilipotitia, kwa kuwa alijua kuegemeza udongo, kwamba alishuka na matimba yake, magogo ya kuegemezea kuta, akawatoa vijana wawili wakiwa hai, akarudi kumfuata wa tatu. Ni mistari minne. Imenichukua wiki nzima.

Sasa nina swali. Nilikwenda parokia yenu ya zamani kutafuta tarehe ya kuzaliwa baba. Katekista, Mzee Maduhu, akafungua kitabu cha ubatizo. Agapiti, 1959. Wilbard, 1962. Akacheka: "Binti, huyo unayemwita baba mkubwa ni baba mdogo! Mdai mbuzi wa heshima zote ulizompa bure." Nikacheka naye. Halafu akasema, "Nawakumbuka wote wawili. Agapiti ndiye mwenye kovu shavuni."

Baba yangu hakuwa na kovu. Wewe, kwenye picha uliyotutumia, unalo.

Nimemuuliza mama. Akasema, "We Mekti, nani kakutuma kwenye vitabu vya watu?" Tangu siku hiyo hasemi nami. Nijibu, Baba mkubwa.

Mwanao,
Mektilda


Ndola, 8 Juni 2025

Mwanangu Mektilda,

Natumaini mmeshavuna chochote kilichopatikana. Barua yako ilifika mwishoni mwa Machi. Nimeijibu mara nne na kuchana mara nne.

Mzee Maduhu anakumbuka vizuri. Agapiti ni mimi. Baba yako ni Wilbard, mdogo wangu.

Nilipoondoka mwaka 1981 kutafuta kazi migodini huku Zambia, nilimwachia babu yako Bujiku cheti changu cha kidato cha nne, nisije nikakipoteza njiani. Niliugua, nikanyamaza miaka miwili. Mtu akapeleka habari kwamba nimekufa. Wakaweka matanga, wakanyoa nywele. Mwaka ule ule jeshi likaja kuandikisha vijana, wakitaka wenye kidato cha nne, na mdogo wangu aliishia darasa la saba ingawa alinizidi hesabu. Babu yako akafungua sanduku, akampa cheti changu. Hakumwibia mtu aliye hai, ndivyo alivyojua.

Barua yangu ilifika baba yako ameshavaa gwanda. Babu yako akahamia Ushirombo, ambako hakuna aliyetujua, akaniandikia: "Ng'wanawane, mwanangu, subiri kidogo, amalize mafunzo." Baadaye ikawa nisubiri apande cheo, kisha nisubiri aoe. Cheti kilichobaki sandukuni kilikuwa cha Wilbard. Nilitumiwa hicho, na nimekaa nacho, pamoja na jina lake, hadi leo.

Sikuwahi kumchukia. Kila mwaka aliniandikia, na mwisho wa barua aliweka jina lake, Wilbard. Sidhani kama alikuwa na pengine pa kuliandika.

Baba mkubwa


Ushirombo, 29 Juni 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza.

Nimemsomea mama barua yako. Alikuwa anajua, baba alimwambia baada ya mimi kuzaliwa. Nikamwambia fundi Mabula hajachonga jina kwenye jiwe la kaburi, tuandike Wilbard. Aliinuka kitini. "Padri aliniuliza mbele ya watu, Suzana, unampokea Agapiti? Nikasema ndiyo. Miaka thelathini na nane nimekuwa mke wa Agapiti. Leo mnataka niwe nimeolewa na nani?"

Nikasema padri hawezi kuivunja ndoa kwa ajili ya jina. Akasema, "Simwogopi padri. Nakiogopa kinywa changu, maana ndicho kilichoapa."

Lakini baba aliazima jina lako, na mimi ndiye mkubwa kati ya watoto wake. Nataka nilirudishe. Njoo tarehe 16 Agosti. Wewe ukisimama hapo, mama atakubali. Usiponijibu, Mabula atachonga Agapiti.

Mwanao,
Mektilda


Ndola, 20 Julai 2025

Mwanangu Mektilda,

Nawasalimu nyote, mama yako kwanza.

Mwaka 1996 nilijaribu kurudi. Nilifika mpakani Tunduma na karatasi za Wilbard mkononi. Afisa akaniuliza jina langu, nami nikatazama mashamba ya upande wa pili, nikajibu: Agapiti. Nilikuwa nimejizoeza njia nzima kusema Wilbard. Walinishikilia siku mbili, kisha wakanirudisha. Sikumwambia baba yako, kwa sababu angeliacha jeshi siku hiyo hiyo, na ninyi mlikuwa bado wadogo.

Najijua. Nikisimama penye kaburi na mtu akaniuliza mimi ni nani, nitasema, na mama yako atasikia mbele ya watu waliokuja kumpa pole. Ameshamzika mume mara moja. Sitamfanya amzike mwingine asiyemjua.

Mwambie Mabula achonge Agapiti. Baba yako alilibeba jina hilo kwa miaka arobaini na moja, akashuka nalo kwenye duara lile. Mimi nililitumia ishirini na minne tu, na sikumtoa mtu yeyote shimoni.

Usinitumie nauli, wala usimtume mtu kunifuata. Sitakuja Agosti, wala mwaka mwingine. Sitarudi.

Baba mkubwa